Kikohozi Upande wa Pili wa Pazia

Ukimwona Mzee Ambindwile akirudi kutoka chooni asubuhi utadhani kifua kimemharibika. Anakohoa mlangoni, anasimama, anakohoa tena, ndipo anaingia. Wala haumwi. Mzee huyu amezaliwa na kuzeekea mlimani, juu ya Tukuyu, ambako hata kwenda dukani kununua kibiriti ni kupanda na kushuka, na mapafu yake ni ya kijana. Kile kikohozi ni hodi tu. Anamwambia mke wa mwanawe: napita, jifiche.

Ndiyo mila ya Wanyakyusa wa rika lake. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia, anajitanda khanga kichwani na kugeuza mgongo mpaka mkubwa apite. Jina la mzee halitaji, hata likiwa la mtu mwingine. Chakula anakitenga mahali, anaondoka, ndipo mwenyewe anakifuata. Kule mlimani haikuwa taabu, migomba imejaa na kila mtu ana pa kujificha. Sasa ihamishie mila hiyo Durban, mtaa wa Overport, kwenye vyumba viwili vya uani nyuma ya nyumba ya watu, mwaka tisini na tisa. Jamani! Chumba kimoja kapanga Marie-Claire, Mkongomani anayesuka nywele saluni. Cha pili wamejazana Gilbert, mkewe Atuganile, binti yao Blandina ambaye ndiyo kwanza anatambaa, na mzee. Katikati wamefunga kamba wakatundika pazia la maua ya manjano. Huku mzee, kule mkwe, na kujificha kwenyewe ni kukimbilia jikoni kule uani ukisikia mtu anakohoa.

"Miye sijaonaka mambo ya hivi," Marie-Claire alikuwa akisema huku anacheka mpaka anashika mbavu. "Papa iko hapa, mama iko hapa, na katikati ni miye, kama posta! Papa anasema chumvi ni mingi. Mama anasema pardon. Eish!"

Walimtania, na mzee mwenyewe alikuwa hodari wa kutaniwa. Lakini Marie-Claire, ambaye naye alikimbia kwao na hapendi kuulizwa, aliacha kucheka siku moja alipoamka alfajiri kuchota maji. Alimkuta mzee kasimama uani peke yake, anaongea na ukuta. "Geuka basi," mzee alikuwa akisema. "Geuka mwanangu, nikuone." Marie-Claire akarudi ndani na ndoo yake tupu.

Mzee alikuwa akiongea na marehemu Subilaga.

Huyo Subilaga alikuwa mke wa Dominiki, mtoto wa kwanza wa mzee, kule kijijini Lwangilo. Na ili umwelewe Subilaga inabidi uielewe gesi, maana watu wa mjini ukiwaambia gesi wanafikiria mtungi wa jikoni.

Lwangilo gesi haikuletwa na mtu. Ipo tangu mlima ule ulipokuwa unatema moto, inatoka ardhini yenyewe, haina harufu wala rangi. Ni hewa nzito, inatulia mabondeni kama maji. Kulikuwa na shimo moja chini ya kilima ambako asubuhi isiyo na upepo ungekuta ndege wamelala chali, wazima kabisa ila wamekufa. Kila mtoto alifundishwa kupima: washa kishungi cha majani makavu, kishushe chini, kikizimika usipite. Na kila mtoto wa kiume alifundishana na wenzake upuuzi mwingine, wa kuingia. Unajaza kifua pumzi, unakimbia wima, huinami, unaokota ndege kwa vidole vya miguu, unatoka. Ambindwile alikuwa bingwa wao. Aliwahi kumtoa mbuzi wa baba yake mle, mzima, akachapwa kwanza kisha akapewa paja la kuku.

Basi watu waliishi na gesi yao wakijua inapokaa. Halafu ikaja kampuni. Walitaka kuichimba hiyo hiyo, waipeleke viwandani ikatiwe kwenye soda. Ndiyo ile inayokukwaruza puani ukibeua. Wakagawa fulana. Wakaahidi zahanati. Wakakata miti yote ya kilima, wakapasua barabara ya malori, na kwa kuwa kijito kilipita pale walipotaka kusimamisha mtambo, wakakihamisha kijito! Wazee walisema kile kijito kina njia yake, wakajibiwa kwamba mhandisi ameshapima. Kisima cha kampuni kilipoanza kutoa gesi, chemchemi ya kina mama ikaanza kutokota ilhali maji ni ya baridi, ukiyanywa yanachachuka ulimini, na ng'ombe wakayakataa. Kina mama wakawa wanachota kwenye chemchemi ya kitongoji cha pili. Na gesi, iliyokuwa na shimo lake moja linalojulikana, ikaanza kutembea. Leo kuku watatu wamekufa kwa fulani, kesho mbwa kwenye mtaro wa kampuni. Ukipima kwa kishungi unakuta imehama.

Mvua za El Nino zilipokuja, mlima usio na miti haukushika kitu. Maji yakateremka na tope na mawe makubwa, yakakumbuka njia yao ya zamani, yakagonga ukuta wa kampuni, yakageuka, yakaingia kijijini. Nyumba ya Dominiki ikaondoka na jiko lake na mbuzi wake. Ukingo ukaporomokea mabomba ya gesi ya kampuni, mabomba yakapasuka. Watu hawakufa usiku ule, walipanda juu mapema, wakashukuru Mungu.

Asubuhi yake jua likatoka, kimya, hata jani la mgomba halitikisiki. Mzee alikuwa amesimama ukingoni, juu ya shamba la migomba, anaangalia kilichosalia. Chini yake akamwona Subilaga anamtafuta ndama. Yaani aliona mgongo na khanga. Na kwa adabu akageuza uso pembeni. Alipotazama tena, Subilaga alikuwa ameinama kufungua kamba. Kisha akakaa. Kisha akalala taratibu, kama mtu aliyechoka kulima.

Mzee alijua palepale. Hapakuwa mbali, ni kama kutoka hapa mpaka kwenye roboti, hizo taa za barabarani. Na namna ya kuingia aliijua kuliko mtu yeyote aliye hai kijijini. Lakini alikuwa ni mkwe! Amwendee, amshike kwa mikono yake, ampakate kifuani mke wa mwanawe? Mwili ulikataa, jamani, miguu ilikataa kama imepigiliwa misumari. Alichoweza ni kupiga kelele kuwaita wanawake. Wanawake walikuwa ng'ambo wanazoa tope, na daraja limekwenda na maji. Walipozunguka na kufika, hapakuwa na la kufanya tena.

Kampuni ilisema ile ni gesi ya asili, ipo siku zote, haiwahusu. Majirani walimwambia mzee alifanya sawa, angeingia wangezika wawili. Dominiki aliuliza mara moja tu, na baba yake akamjibu, "Nilipofika nilikuta ameshakata roho." Hakuuliza tena.

Tangu hapo Subilaga hakumwacha mzee. Gilbert alidhani akimleta baba yake Durban, bahari na kelele za mji vitamtoa mawazo. Wapi! Mzee alimwona Subilaga Pinetown kwenye kituo cha teksi, amempa mgongo katikati ya watu. Alimwona kwenye foleni ya mkate. Alimwona uani. Na kilichomtesa zaidi si kwamba alimwona. Ni kwamba hakuwa na uso. Mzee hakuwahi kuuona uso wa Subilaga katika miaka yote aliyoishi kwake kama mkwe. Alikijua kisigino chake chenye mpasuko, aliijua sauti yake akiimba mbali mtoni, alizijua khanga zake zote. Uso hakuujua, na marehemu hawezi kukuonyesha usichokijua. Kwa hiyo alikuja hivyo hivyo, mgongo tu, na mzee akabaki kumbembeleza ageuke.

Kwa mambo mengine alikuwa mzee mwema, ila mbishi. Alipoona wanalala chini kwenye godoro, na chumba chenyewe kipo bondeni mwa barabara, alitafuta matofali akakiinua kitanda chake, akamwambia Gilbert naye akiinue. Gilbert hakuwa na kitanda cha kuinua. MaKhumalo, mama wa Kizulu anayefua nguo kwenye nyumba ya mbele, aliyaona yale matofali akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Alijua mzee anamkwepa tokoloshi, yule kibwengo mfupi anayewapanda watu kitandani. Mzee hakumsahihisha. Halafu kila jioni alikuwa akiwasha mshumaa na kuuweka sakafuni, anauchungulia, akiona moto umesimama vizuri anauzima na kusema, "Haya, laleni." Atuganile, kule upande wa pili, alikuwa akisubiri neno hilo ndipo amlaze mtoto. Hakuwahi kusemezana na baba mkwe wake hata neno moja, lakini mshumaa ule aliuamini.

Na huo mshumaa ndio uliotaka kuwamaliza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, mchana. Upepo wa baridi unatoka baharini na mvua imeshika tangu jana. Maji yakaingia kwenye nyaya, umeme wa uani ukakatika. Gilbert yuko Clairwood anapakia malori, Marie-Claire yuko saluni. Blandina ana mafua. Atuganile ni mtoto wa mlimani, baridi haimtishi: alikoka mkaa kwenye jiko kule nje chini ya bati, akaupepea mpaka ukawa mwekundu hauna moshi, akaliingiza jiko ndani kama mama yake alivyokuwa akifanya. Ila nyumba ya mama yake ilikuwa ya mianzi na tope, upepo unapita utakavyo. Hapa alifunga dirisha, akafunga mlango, akasukumia blanketi chini ya mlango ili maji yasiingie. Chumba kikawa kitamu, joto zuri.

Mzee naye alisikia jiko linaingia. Hakuwa mjinga, aliwaza: moto ndani, hewa je? Akawasha mshumaa wake, akaushusha mpaka sakafuni. Moto ukasimama wima, haukutetereka. Akauzungusha kila kona ya upande wake, chini ya kitanda, karibu na pazia. Moto safi. "Haya, laleni," akasema, na yeye mwenyewe akajinyoosha.

Hakujua. Angejuaje? Gesi aliyoifahamu yeye inakaa chini na inazima moto. Hii ya mkaa haikai chini, haizimi mshumaa, inajichanganya na hewa ya watu na kukaa nao kama ndugu. Kwao Lwangilo hakuna aliyewahi kuiona.

Alianza kusikia kichwa kinagonga nyuma ya macho. Akaona ni maharage ya jana. Kule upande wa pili Blandina alilia, akalalama, akanyamaza. Mzee akafumba macho, na alipoyafumbua Subilaga alikuwa amesimama kwenye pazia, mgongo, khanga yake ya bluu.

"Leo mapema," mzee akamwambia.

Akataka kutoka akatapike. Akakohoa, kama ada. Siku zote akikohoa utasikia kandambili za Atuganile, tap tap tap, na mlango wa jikoni unalia. Hakusikia kitu. Akakohoa tena, kwa nguvu. Kimya. Mvua tu juu ya bati.

"Mama Blandina," akaita. Hilo peke yake lilikuwa kosa, kumwita moja kwa moja, na sauti yake ilitoka kama ya mwizi. Hakujibiwa.

Akasimama, akashika kitanda. Hapo akaelewa. Hakuelewa ni gesi gani, wala kwa nini mshumaa ulimdanganya, lakini kile kimya alikijua, alishawahi kukisikia asubuhi ile ukingoni. Mke wa mwanawe na mjukuu wake wanakufa nyuma ya kitambaa. Na miguu, jamani, miguu ikakataa! Palepale, na umri ule, na yote yaliyompata, bado kitu ndani yake kilikuwa kinasema subiri, ita wanawake, huenda amejifunua, huenda hana khanga kichwani. Akafungua kinywa amwite Marie-Claire. Marie-Claire hayupo. Akafungua kinywa tena amwite MaKhumalo. Na mbele yake Subilaga amesimama, hageuki.

"Nipishe," mzee akasema.

Akajaza kifua kama mtoto wa kiume. Akapita na pazia, kamba ikakatika, maua ya manjano yakamfuata begani. Akamnyakua Blandina kutoka godoroni, akalipiga teke blanketi, akafungua mlango, akamlaza mtoto kizingitini kwenye mvua. Akavuta pumzi nyingine, akarudi. Atuganile alikuwa ameangukia ubavu, mkono umeelekea kwa mtoto. Mzee akampitisha mikono kwapani, akamkumbatia, akamburuta. Khanga ikamdondoka kichwani, gauni likapanda magotini, na mzee hakuangalia pembeni. Akamtoa mpaka katikati ya uani, wakaanguka wote wawili kwenye maji.

"Hawu! Hawu, baba!" MaKhumalo alikuja mbio na povu la sabuni mikononi. Akampindua Blandina, akampigapiga mgongoni mpaka mtoto akakohoa na kuangua kilio, na hakuna wimbo uliowahi kuimbwa Overport mtamu kuliko kilio kile. Atuganile alichelewa. Mzee alimweka kichwa kwenye mapaja yake, akamkinga mvua kwa viganja, akawa anamwita jina, Atuganile, Atuganile. Mwisho Atuganile akatapika, akafumbua macho, akamtazama baba mkwe wake usoni.

Mzee naye akamtazama. Uso mpana, pengo kwenye meno ya mbele, kovu dogo la moto juu ya nyusi. Kumbe ndivyo alivyo, akawaza. Hivi tu.

Hospitalini nesi aliwagombeza wote kama watoto, jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, mnataka kufa? Akaeleza kwamba gesi yake haionekani wala hainuki wala haizimi taa. Jioni wakarudishwa nyumbani. Gilbert alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anamshika baba yake mkono hauachii. Marie-Claire alipika wali na kuku, akatangaza kwamba posta imefungwa, kuanzia leo kila mtu apeleke maneno yake mwenyewe. MaKhumalo aliwasimulia wapangaji wote wa jirani kwamba mzee amepigana na tokoloshi mchana kweupe akamshinda.

Mzee peke yake hakula. Alikaa kwenye kitanda chake kirefu, pazia halipo, anaangalia sakafu kutoka kitandani mpaka godoroni.

Atuganile akaja taratibu, khanga kichwani, lakini uso ameuacha wazi. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Gilbert akaacha kutafuna. 

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. Halafu akaficha uso na viganja, akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisichojua namna ya kutoka. Wakamwambia asilie, mtoto mzima, mama mzima, hata faini ya kuvunja mila itazungumzwa. Hawakuelewa kilichomliza. "Ni karibu," alikuwa akisema. "Gilbert, ni karibu hivi. Na sikufa. Unaona? Nimeingia, nimemshika, na sikufa."

"Ndiyo, baba, hukufa."

"Basi hata yule ningemtoa."

Miezi yote ile mzee alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia, kwamba haiwezekani, kwamba mtu kama yeye hawezi kufanya jambo lile na dunia ikabaki mahali pake. Sasa amelifanya mchana, mbele ya mama wa kufua nguo, na dunia ipo, na mkwe anamwamkia. Ilikuwa rahisi. Hiyo ndiyo iliyomvunja.

Kesho yake, baada ya ibada, alimtaka Gilbert ampeleke kwenye duka la simu la Papy, kijana mmoja Mkongomani. Walipiga Tukuyu, kwenye duka lenye simu, wakaomba Dominiki aitwe, wakakata, wakapiga tena. Mzee akapewa mkono wa simu, akaushika kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba," Dominiki alisema, sauti yake inakuja na kuondoka. Akamweleza habari za nyumbani: mahindi yamekubali, kampuni inachimba kisima cha pili juu ya shule, ng'ombe mweupe amezaa. Mzee akamwacha amalize.

"Dominiki," akasema. "Nilikudanganya. Nilimwona mkeo akianguka. Alikuwa bado mzima. Nilikuwa najua namna ya kumtoa, na nilisimama tu."

Gilbert, aliyekuwa ameegemea mlangoni, akageuka kutazama barabara.

"Najua, baba," Dominiki akasema. "Nyayo zako zilikuwa zimezama kwenye tope pale ukingoni mpaka kwenye vifundo. Mtu anayepita hazami vile. Nilizifukia mimi mwenyewe kabla watu hawajaziona."